Vita vya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza Dar es Salaam

Tunacheza barazani, Tabata, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mgeni akipita na kuona meza imejaa minazi ya karatasi na askari wa urefu wa kidole kimoja, husimama, na maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Jibu likiwa limekwisha kutolewa kwingine, nimetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Huu ni mchezo gani hasa?

Ni mchezo wa kuchezea mezani vita vilivyotokea kweli. Kila upande una askari wadogo, wa plastiki, wa madini au wa karatasi. Meza hutengenezwa ifanane na uwanja wa vita: mto hapa, shamba la mkonge pale, reli ikikatiza katikati. Meza haina miraba kama drafti wala mashimo kama bao. Askari husogezwa kwa kupima inchi kwa tepu, na wakipigana, dadu huamua nani ameanguka.

Asili yake ni jeshini. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alikamilisha mchezo ulioanzishwa na baba yake, na jeshi likautumia kuwafundisha maafisa kufanya uamuzi bila kujua kila kitu. Hilo ndilo linalonivuta mpaka leo. Katika bao, kete zote 64 ziko mbele yenu wawili na mwenye akili zaidi hushinda. Hapa unaweza kupanga vizuri kabisa, halafu kikosi ulichokitegemea kikachelewa kutoka msituni.

2. Lazima nijue historia kwanza?

Hapana. Wengi wetu tuliijua historia baada ya kucheza. Ukishaona kwa macho yako kwamba kombania tatu zimefika kwa reli kabla ya wewe kumaliza kushusha watu pwani, utakitafuta kitabu mwenyewe.

3. Inahitaji watu wangapi, na muda gani?

Wawili wanatosha. Mchezo mdogo huisha kwa saa moja na nusu, mkubwa huchukua mchana mzima. Wakiwa wanne, kila mmoja apewe vikosi vyake na wasinong'onezane, ndipo mkanganyiko wa vita unapokuja wenyewe.

Unaweza pia kucheza peke yako. Andika mipango mitatu ya adui kwenye vikaratasi, chomoa kimoja bila kukisoma, na ukifungue katika zamu ya tatu.

4. Dadu si kamari?

Hili huulizwa na wazazi kabla ya lolote lingine, na linastahili jibu la heshima. Hatuweki dau, hakuna pesa mezani, na hakuna anayeondoka na kitu cha mwenzake. Kisheria mchezo wa kubahatisha ni suala la fedha, na hapa hakuna.

Kidini ni jambo jingine. Wapo wenzetu Waislamu ambao hawashiki dadu hata pasipo dau, kwa sababu ya mafundisho wanayoyafuata. Mmoja wetu hucheza kwa kadi: vikaratasi 36 vyenye namba 1 hadi 6, kila namba mara sita, vimechanganywa ndani ya bakuli. Hata hivyo wapo watakaoona ni kitu kilekile, kwa hiyo muulize shehe unayemwamini. Vivyo hivyo kwa vijisanamu: asiyetaka sanamu ya mtu ndani ya nyumba anaweza kutumia vibao vidogo vyenye alama ya kikosi, na mchezo haupungui chochote. Msimcheke mtu kwa hili, na msimlazimishe.

## Askari na rangi

5. Sina hela ya kununua askari. Naanzaje?

Anza na vizibo vya soda. Tumezoea kuvichezea drafti toka utotoni, na vinafaa sana hapa pia. Kizibo kimoja ni askari mmoja. Paka upande mmoja rangi nyekundu, mwingine bluu, na leo jioni mnacheza.

Hatua ya pili ni karatasi. Chora askari mmoja vizuri, nenda steshenari wakupunguzie na kukuchapia safu nzima kwenye karatasi nene, kata, kunja, gundisha kwenye kizibo kilekile. Kizibo kinampa uzito. Nimeona majeshi ya karatasi yaliyopendeza kuliko ya plastiki, kwa sababu aliyeyachora aliwatazama watu wa kweli: namna mpagazi anavyoinamisha shingo chini ya mzigo, namna askari aliyechoka anavyoshika bunduki.

6. Ninunue ukubwa gani?

Ukubwa unaouzwa zaidi duniani ni milimita 28, ambapo kila askari anaonekana sura, na milimita 15, ambao ni nusu ya bei na nusu ya nafasi. Kuna pia skeli ya 1/72, askari wa plastiki laini wanaouzwa kwa boksi la makumi, na hao ndio rahisi zaidi kwa kichwa. Milimita 6 inafaa kwa jeshi kubwa kwenye meza ndogo, lakini kupaka rangi kunataka macho makali.

Ushauri wangu kwa mtu wa Dar ni 1/72. Boksi halina uzito, na uzito ndio utakaokugharimu (swali la 7). Kubwa zaidi, kubalianeni kikundi kizima mtumie skeli moja. Askari wa milimita 28 akisimama karibu na wa milimita 15 anaonekana jitu na mtoto.

7. Nikiagiza nje, nitarajie nini?

Kodi haihesabiwi kwa bei ya boksi peke yake. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafirishaji na bima, kisha VAT huja juu ya hapo. Kwa hiyo nauli kubwa inakuumiza mara mbili. Agizeni watu watano kwa pamoja, kifurushi kimoja, na mgawane. Hakikisha bei halisi imeandikwa kwenye ankara; ankara isiyoeleweka ndiyo hukawiza mzigo. Na usiahidi mchezo kwa tarehe maalumu kabla mzigo haujafika. Mimi niliwahi kuwaalika watu sita, tukaishia kucheza na vizibo.

8. Rangi inanikaukia kabla sijaipaka. Nifanyeje?

Ni joto letu, na feni inaongeza. Rangi ya akriliki inakauka kwa kupoteza maji, na mwezi wa Januari au Februari tone moja halimalizi dakika chache. Tandika sponji iliyolowa kwenye kifuniko cha kontena la chakula, juu yake weka karatasi ya kuokea, na rangi yako juu ya karatasi. Unyevu unapanda taratibu, rangi inabaki laini mchana kutwa.

Kabla ya rangi, osha askari wa plastiki kwa sabuni ya kuoshea vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta. Kisha praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine. Kopo la kupuliza linalotumiwa na mafundi wa magari linafaa kwa madini, lakini lijaribu kwanza kwenye kipande kimoja cha plastiki.

Vanishi ya kupuliza isubiri siku kavu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ina unyevu mwingi, na vanishi hutoka na ukungu mweupe unaofunika kazi yako yote. Siku hizo tumia vanishi ya brashi.

9. Lazima kupaka rangi?

Si lazima. Ila jeshi lililopakwa na mikono yako utalihurumia zaidi, na utaacha kulitupa ovyo mbele ya bombomu, yaani bunduki ya rashasha.

## Meza na ardhi

10. Meza iwe kubwa kiasi gani?

Michezo mingi imeandikwa kwa futi 6 kwa 4. Plaiwudi ya kawaida ni futi 8 kwa 4, kwa hiyo muuzaji akikukatia futi 2 mwishoni, unabaki na meza kamili na kipande cha kutengenezea vilima. Egemeza ubao kwenye meza ya chakula. Nyumba nyingi hapa mjini sebule imejaa makochi, na hilo lisikukatishe tamaa: futi 3 kwa 3 zinatosha ukipunguza vikosi au ukichagua vita vinavyofaa (swali la 18).

11. Vilima, miti na nyumba navipata wapi?

Navitengeneza, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Vifaa vya madukani vimetengenezwa kufanana na mashamba ya Ulaya: nyasi za kijani kibichi, miti ya misonobari. Ukicheza vita vya Tanga chini ya misonobari umeshaharibu kabla ya kuanza.

Mnazi: shina ni chelewa la ufagio lililopindwa kidogo kwa moto wa mshumaa, majani ni karatasi ya kijani iliyokatwa vipindo vipindo. Kumi unazimaliza kwa jioni moja. Nyasi ndefu: nyuzi za makumbi ya nazi, zikatwe fupi na kusimamishwa kwenye gundi nyeupe ya mbao. Udongo: vumbi la mbao kutoka kwa mafundi samani, Keko wanalo la kumwaga, lichanganywe na rangi nyekundu kidogo au ya kahawia. Mchanga wa pwani unafaa pia, lakini uoshe kwa maji baridi mara mbili na uuanike. Chumvi ikibaki, gundi haishiki vizuri na madini yanaota kutu nyeupe.

Vilima ni lile povu gumu jeupe linalofungia friji na televisheni. Kata kwa kisu cha karatasi chenye makali mapya. Usipulizie rangi ya kopo moja kwa moja, litayeyuka. Paka gundi nyeupe kwanza, ikauke, ndipo upake rangi ya maji.

Nyumba za udongo zilizoezekwa makuti ni kadibodi, na ukindu uliobaki kwenye mkeka mkuukuu unatosha paa la kijiji kizima.

12. Feni inaangusha askari wa karatasi, na umeme ukikatika?

Gundisha sarafu au waya ndani ya kizibo. Umeme ukikatika usiku, taa ya kuchaji iwekwe pembeni ya meza, chini, isiwe juu: vivuli vinakuwa virefu na kila kilima kinaonekana.

## Kanuni

13. Mnatumia kanuni zipi?

Kuna vitabu vingi vya kanuni vinavyouzwa, na ukizoea utachagua. Kwa wanaoanza tunatumia hizi zetu, ambazo zinaenea ukurasa mmoja.

Kikosi ni askari 12. Kila kikosi kinaweka kete moja mfukoni, rangi ya upande wake. Chomoa kete, mwenye rangi hiyo anachagua kikosi chake kimoja ambacho hakijafanya kitu, nacho kinatembea au kinapiga. Kete zikiisha mfukoni, zamu imekwisha, zirudishe. Kwa njia hii hakuna anayekaa nusu saa akimsubiri mwenzake, na hakuna anayejua nani atafuata.

Kutembea ni inchi 6 uwandani, 4 msituni. Kupima, tepu ya fundi cherehani ndiyo bora, maana inapinda kuzunguka kona. Kupiga ni hadi inchi 18: dadu moja kwa kila askari wanne. Ikitoka 5 au 6 askari mmoja wa adui anaondolewa. Adui akiwa nyuma ya ukuta au mtini, ni 6 tu. Bombomu inarusha dadu 6, lakini zikitoka 1 mbili au zaidi imekwama zamu inayofuata.

Kikosi kilichopoteza mtu kinapimwa moyo mwisho wa zamu: rusha dadu mbili, ujumlishe. Jumla ikiwa sawa na idadi ya waliobaki au chini yake, wanasimama. Ikizidi, wanarudi nyuma inchi 6.

14. Nitajuaje kama shambulio linafaa?

Hesabu kidogo. Kikosi kamili kina dadu 3. Uwandani nafasi ya kupata angalau mmoja ni 19 kati ya 27, yaani asilimia 70. Adui akiwa mtini inashuka hadi asilimia 42. Na moyo: kikosi kilichobaki na watu 9 husimama mara 30 kati ya 36, kikibaki na 6 ni mara 15 tu. Kwa hiyo usikimbilie kuua wote. Kikosi kikishapungua nusu, kitaondoka chenyewe.

15. Kwa nini mnaweka wapagazi mezani? Hawapigani.

Kwa sababu bila wao hakuna ambaye angepigana. Hili ndilo jambo ambalo siwezi kuliacha, na mgeni anayetaka kuwatoa mezani huwa namwomba aketi kwanza tuzungumze.

Katika sehemu kubwa ya nchi hii mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa mizigo. Mbali na reli, kila risasi, kila gunia la unga na kila kipande cha mzinga kilibebwa kichwani au begani. Mzigo wa mtu ulikuwa kama kilo 25 hadi 30. Sasa kadiria kwamba mpagazi anakula kilo moja kwa siku. Akibeba chakula kilo 25, siku ya 25 amekimaliza peke yake. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, amemfikishia askari kilo moja tu. Ndiyo maana vita vya 1914 hadi 1918 hapa kwetu vilimeza wapagazi wengi kuliko askari, na wakafa kwa makumi elfu, zaidi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi.

Jina lao tunalitamka kila siku. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilichokuwa na kambi pale. Na Sanamu ya Askari pale Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, inaonyesha askari mwenye bunduki, lakini maandishi yake yanawataja pia wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Unaposhuka Kariakoo kununua brashi, umesimama kwenye kambi yao.

Mezani tunafanya hivi. Kila vikosi vitatu vina kundi moja la wapagazi sita. Vikosi hivyo visiachane nalo zaidi ya inchi 12. Wapagazi wakikimbia au wakipotea, kila kikosi chao kinarusha dadu moja tu mpaka warudi. Wanatembea inchi 4, hata uwandani. Wanapimwa moyo kama askari, na wao ni watu, kwa hiyo wakiondolewa huhesabiwa kwenye hasara ya kamanda wao. Mchezaji anayeanza huwaacha nyuma akikimbilia mstari wa mbele. Kufikia zamu ya sita anageuka kuwatafuta.

16. Tukibishana?

Rusheni dadu, 1 hadi 3 kwako, 4 hadi 6 kwangu, mchezo uendelee. Kanuni isomwe baada ya mchezo.

## Vita vya kuchezea

17. Nianze na vita gani?

Tanga, Novemba 1914. Vina kila kitu, na unaweza kwenda kuona mahali penyewe.

Waingereza walileta kwa meli wanajeshi karibu 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Mji ulikuwa na walinzi wachache mno mwanzoni, lakini Waingereza walitoa taarifa kwanza kwamba makubaliano ya kutopigana yamefutwa, kisha wakashuka taratibu Ras Kasone. Saa hizo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alizitumia kuleta kombania zake kwa reli kutoka upande wa Moshi. Alipopigana tarehe 4 alikuwa na watu kama 1,000 tu. Waingereza walijipenyeza katika mashamba ya mpira na mkonge, mistari ikakatikakatika, nyuki wakavurugwa mizingani wakawashambulia, na tarehe 5 wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki na risasi nyingi.

Mezani, mpe Mwingereza vikosi tisa na Mjerumani vitatu. Kila mwanzo wa zamu Mjerumani arushe dadu: ikitoka 4 au zaidi, kikosi kimoja kipya kinashuka kwenye reli, mpaka vifike sita. Shambani hakuna kikosi kinachoona zaidi ya inchi 8. Kikosi cha Mwingereza kinachoingia shambani kwa mara ya kwanza kinarusha dadu mbili. Zikitoka 1 zote, ni nyuki, kinarudi inchi 6.

Ongeza moshi. Kombania nyingi za askari wa Kijerumani bado zilikuwa na Mauser ya 1871, bunduki ya risasi mojamoja na baruti nyeusi. Kikosi chenye bunduki hizo kikijificha hakipigwi, lakini kikishafyatua mara moja, wingu jeupe linakitaja mahali kilipo.

18. Nina meza ndogo tu. Kuna vita vinavyonifaa?

Ziwa Tanganyika. Waingereza walisafirisha kwa nchi kavu boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Unahitaji boti nne za kadibodi na kitambaa cha bluu. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, baadaye ikaibuliwa, na ndiyo MV Liemba ya leo. Ifanye iwe tishio linaloweza kutokea ukingoni mwa meza.

19. Na Lugalo?

Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa kamanda Mjerumani Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, ukiwa umenyooka njiani, wakaumaliza kwa dakika chache, naye akauawa. Watu wengi hapa wanaijua Lugalo kama kambi ya jeshi tu. Mezani panga msafara mrefu wenye wapagazi katikati (swali la 15), msitu pande zote mbili, na mchezaji wa Wahehe aandike kwa siri vikosi vyake viko wapi. Usihesabu nani anashinda, maana karibu kila mara ni yeye. Hesabu ni wangapi wa msafara wanafika ukingo wa pili.

20. Vita vya Majimaji vinachezeka?

Kwa kiasi. Shambulio la Mahenge la tarehe 30 Agosti 1905, watu wakiikabili bombomu uwandani, sioni cha kucheza hapo. Kinachochezeka ni kipindi cha uviziaji, vikosi vidogo dhidi ya msafara. Maji yenyewe yachukuliwe kama imani iliyounganisha makabila mengi: vikosi vya makabila tofauti husaidiana moyo vikiwa karibu.

Lakini sehemu kubwa ya vifo ilitokana na njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Makisio ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Kuchoma vijiji hatukupi alama kwenye meza yetu, na kanuni ya namna hiyo sitaiandika.

21. Na Vita vya Kagera?

Uliza kwanza nani yuko nyumbani. Daraja la Kyaka, Masaka, Lukaya mwezi wa Machi 1979, hadi Kampala tarehe 11 Aprili: kwa mchezaji yote yana mafunzo. Ila waliopigana wapo, na waliozika watoto wao wapo. Mjomba wangu alitukuta tukipanga Lukaya, akasimama kimya muda mrefu, kisha akasogeza kikosi kimoja kidole kizima kushoto. "Tulikuwa hapa," akasema, akaondoka. Tuliukunja mchezo. Miezi kadhaa baadaye yeye mwenyewe aliomba tuupange tena, tukaupanga kama alivyotueleza, na hatukurusha dadu hata moja.

Kwa hiyo mwombe ruhusa mzee wako. Akikataa, yapo mengi ya kucheza.

22. Anayechukua upande wa Wajerumani anautukuza ukoloni?

Lazima mtu aketi upande ule, vinginevyo hakuna mchezo. Na waliobeba bunduki za Mjerumani walikuwa wengi wao watu wa huku huku, kama waliokuwa Keya (King's African Rifles) kwa Mwingereza. Tunachokataa ni nyimbo, mbwembwe na kumwita mtu majina ya dharau ya zamani. Anayefanya hivyo huambiwa mara moja, ya pili anafunga mkoba wake.

23. Habari za vita hivi nizitafute wapi?

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi. Kwa Majimaji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi mwaka 1968 kukusanya masimulizi ya wazee vijijini, na kazi hiyo ni hazina. Ukisafiri, kuna makumbusho Kalenga na Songea. Usisahau wazee wa nyumbani: bibi aliyesimuliwa na babu yake kuhusu kubebeshwa mizigo atakupa jambo ambalo ramani haina.

## Maswali ya pembeni

24. Tunaweza kuvaa magwanda siku ya mchezo?

Hapana. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo.

25. Watoto wacheze?

Kuanzia miaka minane au tisa wanaweza, na hesabu ya swali la 14 wanaishika upesi kuliko sisi. Wadogo zaidi wawekwe mbali, vitu vidogo vinaingia mdomoni. Askari wa zamani wa madini huenda wana madini ya risasi (lead) ndani yake: nawa mikono, na usile ukipaka rangi.

26. Nawabebaje kwenye daladala?

Trei ya mayai. Askari mmoja kila shimo, trei ya pili juu yake, kamba pande mbili, na yote ndani ya mfuko mgumu unaoupakata. Panda mapema kabla ya abiria wa jioni. Mikuki na bunduki za plastiki laini zikipinda, zichovye kwenye maji ya moto, zinyooshe, kisha kwenye maji baridi.

27. Mchwa wamekula kijiji changu cha kadibodi.

Wamepitia ukutani, karibu kila mara. Boksi lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta. Liweke juu ya meza ya chuma au kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Kijiji kipya kipake vanishi ndani na nje, hasa chini, na kila mwisho wa mwezi ufungue uangalie. Ukiona vumbi jembamba la udongo kwenye kona, toa kila kitu nje siku hiyohiyo uanike juani, kabla ya Jumapili.